Nani anastahili kusaidiwa bili ya joto? Maelezo kwa mama na mlezi anayeishi Marekani

Bili ya kwanza ya baridi kali hufika Januari, na mara nyingi ni mara mbili au tatu ya ile ya Oktoba. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo moto ni wa kupikia na nyumba haipashwi joto kwa mashine. Kulipa dola mia mbili au tatu ili hewa ya ndani iwe na joto ni jambo geni kabisa. Basi mama anashusha themostati, anawavalisha watoto sweta mbili, anafungua mlango wa oveni, na anapunguza nyama kwenye chakula ili bili ilipwe.

Kabla hujafika huko, jua kwamba upo msaada wa serikali kwa ajili ya bili hiyo. Unaitwa LIHEAP, hutamkwa "laihipu". Katika baadhi ya majimbo utausikia kwa jina la HEAP au msaada wa nishati. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1981. Pesa zinatoka serikali kuu na kugawiwa na kila jimbo kupitia ofisi za mitaa. Si mkopo na hutadaiwa baadaye. Kwa kawaida pesa haziji mkononi mwako, bali zinalipwa moja kwa moja kwa kampuni ya gesi, umeme au mafuta, na wewe unaona bili imepungua.

Familia nyingi zinazostahili hazipati msaada huu. Wengine hawajausikia, na wengine pesa zinaisha kabla hawajaomba. Lakini kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalotusumbua sana: mama aliyejipima mwenyewe nyumbani, akajiambia "sisi hatumo", na hakuomba. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Kwa nini ukurasa wa afya unazungumzia bili

Mwaka 2006 madaktari wa watoto wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chini ya miaka mitatu kutoka familia zenye kipato kidogo. Walilinganisha familia zilizopata LIHEAP na zile ambazo hazikupata. Watoto wa familia zisizopata walikuwa na hatari zaidi ya kukua vibaya kwa sababu ya lishe, na wale walioletwa hospitali kwa dharura walilazwa zaidi. Kwa mzazi hilo si ajabu. Pesa ni ileile moja. Ikienda kwenye gesi, haiendi kwenye maziwa.

Mtoto mchanga hupoteza joto la mwili haraka kuliko mtu mzima, na hawezi kutetemeka kama sisi ili kujipasha. Mtoto mwenye pumu huteseka katika nyumba baridi yenye unyevu na ukungu ukutani. Bibi aliye na ugonjwa wa moyo naye yumo katika hatari. Ndiyo maana sheria inayataka majimbo kuzitazama kwanza nyumba zenye mtoto mdogo, mzee au mtu mwenye ulemavu. Kama una mtoto wa chini ya miaka sita, sema hivyo tangu mwanzo wa maombi, hata kama hujaulizwa.

"Lakini sisi tunafanya kazi"

Hili ndilo kosa la kwanza. Watu hudhani msaada ni wa wasio na kazi. Sivyo. Kinachoangaliwa ni vitu viwili pamoja: mapato ya nyumba na idadi ya watu wanaokaa humo.

Sheria ya serikali kuu inaliruhusu kila jimbo kuweka kikomo chake cha mapato kati ya mipaka miwili. Mpaka wa chini ni asilimia 110 ya kiwango cha umaskini cha taifa. Hakuna jimbo linaloweza kukukataa kwa sababu ya mapato peke yake kama uko chini ya hapo. Mpaka wa juu ni asilimia 150 ya kiwango hicho, au asilimia 60 ya mapato ya katikati ya jimbo, kutegemea ipi ni kubwa. (Mapato ya katikati ni haya: ukizipanga familia zote za jimbo kuanzia maskini hadi tajiri, yule aliye katikati ya mstari anapata kiasi gani.) Minnesota, kwa mfano, hutumia hiyo asilimia 60.

Tuweke hesabu. Kwa mwaka 2025 kiwango cha umaskini kwa mtu mmoja kilikuwa dola 15,650 kwa mwaka, na kila mtu wa ziada anaongeza dola 5,500. Chukua nyumba ya baba, mama na watoto watano, watu saba. Kiwango chao ni dola 48,650. Ukichukua asilimia 150 yake unapata dola 72,975.

Sasa tuseme baba na mama wote wanafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama kwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, bila ovataimu. Kila mmoja anapata dola 35,360 kwa mwaka, na wote wawili dola 70,720. Katika jimbo linalotumia asilimia 150, familia hiyo inastahili. Ndiyo, watu wawili wenye kazi za kudumu. Bibi akija kukaa nao wanakuwa wanane, na kikomo kinapanda hadi dola 81,225.

Angalia mambo matatu hapa. Kwanza, mara nyingi wanahesabu mshahara kabla ya kukatwa kodi, si ule unaoingia benki. Pili, "nyumba" kwa sheria hii ni watu wote wanaoishi pamoja na kutumia joto lilelile. Mdogo wa mumeo anayelala sebuleni anahesabiwa, na mshahara wake pia. Usimfiche, na usimsahau. Tatu, uliza wanaangalia mapato ya kipindi gani. Majimbo mengine yanaangalia mwezi mmoja uliopita, mengine miezi mitatu au mwaka mzima. Kama Desemba ulifanya ovataimu nyingi na ukakataliwa kwa dola chache, uliza kama unaweza kuomba tena wakati mapato yamerudi kawaida.

Katika majimbo mengi kuna njia ya mkato pia. Kama mtu mmoja wa nyumbani anapata stempu za chakula, TANF, au SSI (pesa za kila mwezi kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo), jimbo linaweza kukubali kwamba umekwisha kustahili bila kupima mapato upya. Uliza.

"Nyumba si yetu, na joto limo kwenye kodi"

Mpangaji anastahili sawasawa na mwenye nyumba. Sheria inasema wazi kwamba wasibaguliwe.

Kama bili ya gesi au umeme inakuja kwako, jambo ni rahisi. Hakikisha tu kwamba jina lililo kwenye bili ni la mtu mzima anayeishi humo. Familia zinazopokelewa na shirika la wakimbizi wakati mwingine hukuta akaunti bado iko kwa jina la shirika au la mpangaji aliyetangulia. Rekebisha hilo mapema, kwa sababu kwenye maombi linaweza kukuchelewesha wiki nzima.

Kama hupati bili kwa sababu joto limejumuishwa kwenye kodi ya nyumba, bado unaweza kustahili katika majimbo mengi, maana kwa sheria unalilipia joto hilo kupitia kodi. Kiasi kinaweza kuwa kidogo zaidi. Mkataba wako wa nyumba ndio ushahidi, kwa hiyo tafuta mstari unaotaja joto. Wanaoishi katika nyumba za serikali au kwa vocha ya Section 8 wasijitoe pia. Wengi wao hulipa sehemu ya nishati, na hapo wanaweza kusaidiwa.

"Hatuna uraia"

Hapa ndipo hofu ilipo, basi tuende polepole.

Huhitaji kuwa raia. Mkimbizi, mtu aliyepewa hifadhi na mtu mwenye kadi ya kijani wote wamo kwenye kundi linaloweza kupata LIHEAP. Pengine umesikia kuhusu sharti la kungoja miaka mitano kwa wenye kadi ya kijani. Sharti hilo ni la misaada mingine, si la huu. Mkimbizi anaweza kuomba katika majira yake ya baridi ya kwanza, kwa fomu yake ya I-94.

Mwaka 2025 lilitokea jambo lililowachanganya wengi. Sheria iliyotiwa saini Julai mwaka huo iliwaondoa kwenye stempu za chakula wakimbizi na watu waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata kadi ya kijani. Kama familia yako ilipokea barua hiyo, ni rahisi kudhani kwamba milango yote imefungwa. Haikufungwa yote. LIHEAP ina masharti yake mbali na stempu. Huenda umepoteza ile njia ya mkato tuliyoitaja, lakini unaweza kuomba kwa njia ya kawaida ya mapato. Na familia iliyopunguziwa chakula ndiyo inayouhitaji msaada wa joto zaidi.

Aliyeomba hifadhi na bado anangoja jibu kwa kawaida hastahili yeye mwenyewe. Lakini kama ana mtoto aliyezaliwa Marekani, mtoto huyo ni raia, na katika majimbo mengi nyumba inaweza kuomba kwa ajili ya wale wanaostahili. Watu wasiostahili hawahesabiwi katika idadi ya kusaidiwa, ila mapato yao kwa kawaida yanahesabiwa. Zungumza na msimamizi wa kesi yako au mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu ya namna hii.

Na lile swali la "nikichukua msaada watanikatalia kadi ya kijani?" Kwa mkimbizi na kwa aliyepewa hifadhi, sheria yenyewe imewaondoa katika kipimo hicho cha kuwa mzigo kwa serikali. Wewe omba. Kama unatafuta kadi ya kijani kwa njia nyingine, kwa mfano kupitia mume au ndugu, uliza mwanasheria kwanza, kwa sababu kanuni hizi hubadilishwa kila utawala unapobadilika. Usimsikilize mtu wa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni mtu mwema.

Jambo moja zaidi la kukutuliza: pesa za LIHEAP hazihesabiwi kama mapato. Haziwezi kukupunguzia stempu, SSI wala msaada wa nyumba.

Wakati wa kuomba na karatasi za kubeba

Omba mapema. Mwaka wa fedha wa serikali kuu huanza Oktoba 1, na majimbo mengi hufungua maombi kati ya Oktoba na Novemba. Iowa, kwa mfano, huanza Oktoba kwa nyumba zenye mzee au mlemavu, kisha Novemba kwa wengine wote. Pesa hizi si haki ya kila anayestahili kama ilivyo shule ya watoto. Zikiisha, zimeisha. Mama anayeomba Novemba na mama anayeomba Machi wanaweza kuwa na mapato sawa kabisa, mmoja akapata na mwingine akakosa.

Ili kujua ofisi yako, piga 211 kwa simu. Ni namba ya bure ya habari za misaada. Omba mkalimani wa Kiswahili, sema "Swahili" tu, nao watangoja kumtafuta. Usimtumie mtoto wako wa shule kutafsiri mambo ya mapato. Si kazi yake, na makosa hutokea.

Andaa vitambulisho vya watu wazima, namba za Social Security za kila mtu aliyenazo, karatasi za uhamiaji, karatasi za mshahara za angalau mwezi mmoja kwa kila anayefanya kazi, mkataba wa nyumba, na bili ya karibuni ya gesi, mafuta au umeme. Leta zote mbili kama una ya gesi na ya umeme, kwa sababu hita nyingi za gesi huhitaji umeme kuwaka. Kuomba ni bure. Anayekudai ada ya kujaziwa fomu hii anakuibia.

Ukishaomba, endelea kulipa bili kadiri unavyoweza, hata dola ishirini. Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa, na msaada wenyewe kwa kawaida hulipia sehemu tu ya gharama ya majira yote. Jibu likiwa hapana na huelewi sababu, au wakikaa kimya mno, una haki ya kuomba usikilizwe rasmi. Sheria ya LIHEAP inalitaka kila jimbo litoe nafasi hiyo. Barua ya kukataliwa itataja siku za mwisho za kufanya hivyo. Mara nyingi kilichokosekana ni karatasi moja tu.

Uliza pia kuhusu mpango wa kuziba nyumba, yaani kuziba nyufa, kuongeza kinga ya baridi kwenye dari na kutengeneza hita. Ni mpango mwingine wa serikali wenye foleni ndefu, na mpangaji anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, lakini faida yake hubaki kila mwaka.

Kama barua ya kukatiwa imefika, au hita imezimika

Hii inaitwa dharura, na ina mlango wake. Usisubiri foleni ya kawaida. Piga simu ofisini na useme mambo haya matatu: tumepewa barua ya kukatiwa (au tumekatiwa, au mafuta yamebaki ya siku chache), nyumba ina mtoto wa umri huu, na ugonjwa huu upo. Kwa sheria, anayestahili msaada wa dharura anatakiwa kupata namna fulani ya suluhisho ndani ya saa 48 baada ya kuomba, na ndani ya saa 18 kama maisha yako hatarini. Katika majimbo mengine pesa za dharura hutengeneza hata hita iliyoharibika.

Siku hiyohiyo piga pia kampuni yenyewe. Majimbo mengi ya baridi yanazizuia kampuni kukata huduma wakati wa baridi, lakini ulinzi huo mara nyingi haujileti wenyewe. Minnesota ina kanuni ya kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, na ili ikulinde unapaswa kuongea na kampuni, mkakubaliana kiasi cha kulipa, kisha uendelee kukilipa. Iowa inamlinda aliyekubaliwa msaada wa nishati asikatiwe kati ya Novemba 1 na Aprili 1. Hii ni sababu nyingine ya kuomba hata kama unadhani kiasi utakachopata ni kidogo.

Usiku wa leo, wakati unangoja

Usitumie oveni ya gesi kupasha nyumba, na usiingize ndani jiko la makaa, ile mbabula, hata kwa nusu saa na hata kama dirisha liko wazi. Kule nyumbani wengi tumeota moto wa makaa. Nyumba za huku zimezibwa ili baridi isipite, na hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa na gesi, kaboni monoksidi, haina pa kutokea. Haina harufu na haionekani. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na watu kadhaa wa nyumbani huzipata kwa wakati mmoja. Zikitokea, toka nje na watoto wote kwanza, kisha piga 911. Hakikisha nyumba ina king'ora cha hewa hiyo, na kama hakuna, muulize mwenye nyumba.

Hita ndogo ya umeme ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kurefusha, na ikae mita moja mbali na kitanda, pazia na nguo. Izime mnapolala. Familia yote ilale chumba kimoja, na mlango ufungwe na taulo liwekwe chini yake, lakini mtoto mchanga abaki kwenye kitanda chake.

Mtoto huyo asifunikwe blanketi wala kuzungushiwa mito, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Mvalishe nguo za kutosha, kisha mfuko wa kulalia wa watoto. Gusa kifua chake au nyuma ya shingo, usitegemee mikono, maana mikono ya watoto huwa baridi hata wakiwa sawa. Shingo ikiwa na jasho, mpunguzie nguo. Ukiona ngozi yake ni nyekundu na baridi, amelegea na hataki kunyonya, mshike kifuani ngozi kwa ngozi, jifunikeni pamoja, na piga 911. Joto la mwili chini ya nyuzi 95 za Farenhaiti, ambazo ni 35 za Selsiasi, ni dharura hata kama hajalia.

Kama chumba kinazidi kupoa na hakuna atakayekuja kabla ya asubuhi, piga tena 211 na uulize kituo cha kujipasha joto kilicho wazi usiku, au nenda kwa jirani.